Gari la umeme lenye linakunywa esanse



Kwa wale wenye hawatujui: sisi ni wanaagronomia saba wa promosheni moja, tunatumika na mama wakulima wa upande wa Kipushi, kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi. Wao wanalima tomati, lenga-lenga, shu na vitunguu. Sisi tunatafuta mbegu, tunafuata magonjwa ya mimea, tena tunapeleka mavuno sokoni. Mpaka leo tunakodi gari la watu. Siku lile gari linakufa pane, au mwenyewe amepata abiria wa kumlipa zaidi, kareti za tomati zinabaki kando ya njia zikitungoja. Na tomati yenye imeiva, kwenye joto la mwezi wa kumi, haingoji mtu siku tatu. Mama anapoteza msimu mzima kwa sababu ya gari ambalo si lake wala si letu.

Kwa hiyo tumefanya likelemba miaka miwili ili tununue chombo chetu. Makuta sasa yako karibu kutosha, na ugomvi umeanza: tununue nini? Mmoja anataka Noah. Mwingine anasema Noah ni gari la bahuni. Mwingine anataka Prado, hata ya zamani. Yaya mmoja aliye Kolwezi ametuma ujumbe mrefu: "Kobalti ni yetu, mbona tunaendesha esanse ya watu? Nunueni gari la umeme." Akajibiwa palepale: "Umeme gani, yaya? Ule wa kuja saa tano ya usiku?"

Nimeandika hii juu ya ule ugomvi. Wiki tatu tumebishana, na karibu hakuna mtu aliyeuliza litabeba kilo ngapi na litapita njia gani. Tulikuwa tunachagua aina ya watu wa kufanana nao, gari lenyewe tumelisahau.

Tuanze na magari tunayoyaona kila siku. Kwa nini Lubumbashi imejaa Vitz, IST, Noah na Corolla? Watu wanasema ni mazoea. Mimi nasema ni piyesi. Kila mekanisie anazijua, kila soko lina buji zake, pampu zake, taa zake. Gari jingine zuri zaidi, likivunjika kitu kimoja kidogo, linalala garaji miezi miwili likingoja piyesi kutoka mbali. Mkulima anaelewa hii vizuri: mbegu nzuri ya kigeni, kama hakuna mtu wa kukuuzia dawa yake na mbolea yake karibu, inakuacha njiani.

Sasa, mengi ya magari haya ni okazyo kutoka Japani. Yanashuka bandarini Dar es Salaam, yanapanda hadi Tunduma, yanakata Zambia, yanaingia kwetu Kasumbalesa. Japani, Tanzania, Zambia, wote wanaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo volan iko kuume na hakuna shida. Shida inaanza Kasumbalesa, mahali barabara inahama upande. Kuanzia hapo shofere anakaa upande wa majani na mtaro, na njia ya wenye wanakuja mbele haioni vizuri. Akitaka kulipita lori kwenye njia ya Likasi, anatoa pua yote ya gari nje kabla macho yake hayajaona kitu. Ndiyo maana unasikia anamwuliza abiria wa mbele: "Angalia, iko mutu?" Maisha ya watu kumi na nne yako kwenye jibu la mtu ambaye labda alikuwa anasinzia.

Tena uangalie mlango wa bisi. Hiace ya Japani ina mlango wa kusukuma upande wa kushoto, juu kule kwao kushoto ndiko kuna ukingo wa barabara. Kwetu ule mlango unafunguka katikati ya njia. Mama anashuka na beseni kichwani na mtoto mgongoni, anakutana uso kwa uso na moto inayokimbia. Halafu jioni tunakaa tunasema, "Bashofere ba bisi habana akili." Wengine kweli hawana, sikatai. Lakini hata ukimweka pale malaika, mlango utafunguka upande uleule. Kuna garaji zinazohamisha volan kwenda kushoto. Mimi nisingepanda gari la namna hiyo bila kumjua fundi aliyelifanya.

Kuna na jambo la versema, ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Mashofere wengi wa taksi na bisi hawana gari. Gari ni la bosi, na kila jioni bosi anangoja pesa iliyokubaliwa, iwe kuna watu njiani au hakuna. Shofere anaanza siku akiwa na deni: kwanza versema, kisha esanse, kisha mambo ya njiani, na kinachobaki ndicho bukari ya watoto wake. Saa tisa ya mchana, kama versema haijatimia, mguu wake unakuwa mzito kwenye aksereta. Anajaza watu watano pale pa wanne. Anasikia freni zinalia na anaendelea, kwa sababu freni ni za bosi na siku ni yake. Bosi naye anaona gari linaharibika haraka, anapandisha versema ili arudishe makuta yake kabla gari halijafa.

Sisi wa agronomia tunaujua ugonjwa huo. Mkulima mwenye kukodi shamba mwaka mmoja tu hatii samadi, hapandi mti, hapumzishi udongo. Anakamua. Hakuna anayesema mkulima yule ni mjinga. Tunasema mkataba ni mbaya. Mbona shofere tunamwita mhuni?

Kuhusu wanawake na volan sitasema mengi, maana maneno yenyewe yamechakaa. Huko kwenye migodi ya Kolwezi wako wanawake wanaoendesha madumpa makubwa kama nyumba, na hakuna anayewachekea. Shirika la Afya Duniani linaandika kwamba wanaume wanakufa kwa ajali za barabarani karibu mara 3 kuliko wanawake. Katika sisi saba, mwenye permi ya siku nyingi na mkono mtulivu ni dada. Kama tutanunua chombo, mimi kura yangu kwa kuendesha ni kwake.

Prado je? Prado ni gari zuri. Mashirika yanalinunua juu linakaa juu, halishindwi na matope, na piyesi zake ziko. Lakini sisi tuna kareti 15 za tomati, yaani kilo 400 na kitu, si wageni. Prado inabeba watu watano na heshima yao. Kisha inakunywa. Niliwaambia wenzangu: tukinunua Prado, tomati zitatulisha sisi na Prado, na mama wa Kipushi hatabaki na kitu.

Basi tuje kwenye umeme, maana yaya wa Kolwezi anastahili jibu la kweli na si la kumcheka.

Kwanza nieleze mashine zenyewe. Litre moja ya esanse ina nguvu ya kWh 9 hivi. Gari dogo linalokunywa litre 7 kwa kilometa 100 linachoma zaidi ya kWh 60. Lakini katika nguvu ile yote, karibu robo tu ndiyo inafika kwenye magurudumu. Iliyobaki inatoka kama joto: gusa kapo baada ya safari, gusa bomba la moshi, utaielewa. Mota ya umeme haipotezi hivyo. Gari dogo la umeme linatembea kilometa 100 kwa kWh 15 mpaka 20. Tena halina mafuta ya mota ya kubadilisha, halina buji, halina ambrayaji, na freni zinadumu zaidi kwa sababu mota yenyewe inasaidia kupunguza mwendo na kurudisha nguvu kidogo kwenye betri. Mwenye kusema gari la umeme ni mchezo wa watoto hajalifungua akaona.

Pili, umeme wa Congo karibu wote unatoka kwenye maji. Inga I ilianza 1972, Inga II 1982. Huku kwetu Mwadingusha, kwenye mto Lufira, iko tangu 1930, na kwenye Lualaba kuna Nzilo na Nseke. Kwa hiyo gari la umeme kwetu, kama limepata umeme, linaendeshwa na mvua. Mahali pengine duniani wanachoma makaa ya mawe ili kulijaza. Sisi hapana. Esanse, kwa upande mwingine, tunainunua yote nje: mafuta ghafi yanachimbwa Muanda na kuuzwa, halafu esanse iliyosafishwa inarudi kwetu ikiwa imepita mikono ya watu wengi. Ethiopia, ambayo nayo inaishi kwa umeme wa maji, mwaka 2024 ilikataza kuingiza magari ya esanse na mazuti. Sababu yao kubwa ilikuwa dola zinazoishia kwenye mafuta. Na jirani zetu wa Kigali, tangu mwezi wa kwanza 2025, moto mpya ya kubeba abiria haiandikishwi kama si ya umeme. Pale motari anafika kwenye kituo, anatoa betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Hangoji umeme. Umeme ndio umemngoja.

Mpaka hapo yaya wa Kolwezi ameshinda. Sasa twende mtaani kwetu.

Katika wakaaji wa nchi hii, mwenye umeme ni kama mmoja kwa watano. Laini kubwa kutoka Inga hadi Kolwezi inatembea kilometa 1,700 hivi, na kuna vijiji chini yake ambavyo watoto wamezaliwa, wamekua, wameoa, wakiangalia zile nyaya juu na kuwasha kibatari chini. Hata sisi wa mjini, tunajua delestaji. Mwisho wa kiangazi, maji yanapopungua kwenye mabwawa, inazidi.

Chukua mtaa mmoja wa kawaida. Umeme unakuja saa tano ya usiku, unaenda saa kumi ya alfajiri. Saa tano tu. Priza ya nyumbani ya 220 V, ukivuta ampea 10, inakupa kW 2.2. Kwa saa tano umepata kWh 11. Kwa gari dogo ni kilometa 55, zaidi au chini. Si mbaya! Lakini 220 V ni ya kwenye karatasi. Usiku ambapo kila mtu amewasha rezo ya kupikia, tansyon inashuka hadi 160, na shaja nyingi za magari zikiona hivyo zinapunguza au zinakataa kabisa. Asubuhi unaamka, gari limepata robo ya ulichotegemea, na mama anapiga simu kwamba tomati ziko tayari.

Sasa unafanya nini? Unafanya kile ambacho kila Mlushois anafanya umeme ukienda. Unavuta kamba ya grupu.

Na ndipo naomba tusome polepole, maana wengi hawajaipiga hii hesabu. Grupu dogo la esanse, lile la nyumbani, linatoa kama kWh 2 mpaka 2.5 kwa litre moja. Gari lako linataka kWh 20 kwa kilometa 100. Gawanya: litre 8 mpaka 10 za esanse. Na bado hujahesabu kinachopotea kwenye shaja. Vitz ya zamani inayotembea na esanse yake yenyewe inakunywa chini ya hapo! Yaani umeliuza gari la esanse, umeleta la umeme kwa bei kubwa, ili uende kwa Kadhafi wa pembeni ya njia kununua esanse zaidi kuliko zamani, na kelele ya grupu usiku kucha juu ya majirani. Gari liko kimya, nyumba inapiga kelele.

Kwa hiyo swali "umeme au esanse?" halijibiwi kwa kuangalia gari. Linajibiwa kwa kuangalia ukuta wa nyumba: kuna nini kinachotoka kwenye priza, saa ngapi, kwa nguvu gani.

Njia nyingine ni jua. Huku Katanga ya juu, paneli za kW 1 zinatoa wastani wa kWh 4 na nusu kwa siku, kidogo chini wakati wa mvua. Gari la kWh 20 kwa siku lingetaka paneli za kW 4 au 5, yaani paneli kubwa kumi, na bado kuna kichekesho: jua liko mchana, na mchana gari liko njiani. Utahitaji betri nyingine nyumbani ya kuweka umeme ili usiku uuhamishe kwenye gari. Hapo likelemba yetu ya miaka miwili inakuwa ya miaka kumi.

Wengine wameona magari ya umeme ya okazyo, hasa Nissan Leaf za kwanza, bei yake ikiwa ndogo, wakafurahi. Ngojeni. Leaf ya kwanza, iliyotoka mwisho wa 2010, ilikuwa na betri ya kWh 24, na ikiwa mpya kabisa ilipimwa Marekani kilometa 117 kwa chaji moja. Betri yake haina maji ya kuipoza, inapozwa na hewa tu, kwa hiyo joto limeichosha huko ilikotoka. Kwenye tabulo kuna vijisanduku 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Ukikuta vimebaki 8, betri imepoteza zaidi ya theluthi, na hizo kilometa zimekuwa 70 na kitu. Kutoka Lubumbashi kwenda Likasi ni kilometa 120. Hesabu mwenyewe utalala wapi. Kununua Leaf bila kuangalia vile vijisanduku ni sawa na kununua mbegu bila kupima kuota kwake.

Sasa neno la yaya kuhusu kobalti. Ni kweli, zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, mbali sana zaidi ya nusu, inatoka Haut-Katanga na Lualaba. Lakini si kila gari la umeme lina kobalti. Kuna betri za nikeli, manganizi na kobalti, na kuna betri za chuma na fosfati, zile wanaita LFP. LFP haina kobalti hata gramu. Ndizo ziko kwenye magari mengi ya bei nafuu ya Wachina, na hayo njo yatatufikia kwanza. Kwa hiyo siku tutanunua gari la umeme kwa ajili ya kuheshimu kobalti yetu, kuna bahati kubwa halitakuwa na kobalti yetu ndani. Shaba ndiyo, hiyo itakuwemo: gari la umeme linachukua kilo 80 hivi za shaba, la esanse kilo 20 na kitu. Na kwa wenye kusema esanse haina uhusiano na migodi: viwanda vya kusafisha mafuta vinatumia kobalti kuondoa salfa. Hakuna upande ulio na mikono mitupu.

Na hapa naongea kama mtu wa udongo. Wanasema gari la umeme ni safi juu halitoi moshi. Halitoi, ni kweli, na kwa mtoto anayetembea kando ya barabara hiyo ni neema. Lakini moshi wake ulishapita hapa. Shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi 1911, na upepo wetu wa kiangazi unatoka kusini-mashariki. Nendeni Penga Penga mkaangalie ardhi upande upepo ulikopeleka ule moshi: mahali pengine udongo umebaki uchi, na wanafunzi wa fakilte yetu bado wanajaribu nyasi gani itakubali kuota. Metali hazioti zikaisha. Wenye kuhesabu uchafu wa gari wakianzia pale linapowashwa, wanaanzia katikati ya kitabu. Sisemi hivyo kutetea esanse. Nasema tu kwamba sisi wa hapa tunajua kurasa za mwanzo.

Basi sisi saba tufanye nini? Nimepiga hesabu kwa njia yetu na si kwa njia ya mtu mwingine. Kipushi kwenda na kurudi ni kilometa 60. Mzigo ni kilo 400 na kitu. Mwendo hautakiwi kuwa mkubwa, tomati haipendi mitikisiko. Kwa kazi hii hatuhitaji gari. Tunahitaji moto ya magurudumu matatu yenye sanduku nyuma.

Ya esanse tuliyokodi mara nyingi, tukipima wenyewe, ilikunywa litre 4 mpaka 5 kwa kilometa 100 ikiwa na mzigo. Siku moja ni litre 3, mwezi wa siku 26 ni litre 78. Ya umeme, nikiweka kWh 10 kwa kilometa 100 kwa kuwa mzigo ni mzito na kuna milima midogo, inataka kWh 6 kwa siku. Hiyo ni paneli za kW 1 na nusu, tatu au nne tu, juu ya depo yetu. Na kwa kuwa sisi tunaondoka alfajiri na tunarudi kabla ya saa nne, chombo kinalala kwenye depo wakati jua liko juu. Ule ugumu wa mchana na usiku kwetu haupo! Ndiyo maana nasema hesabu ya shofere wa taksi si hesabu ya mbeba mboga. Yeye akiniambia umeme hauwezekani, ana haki. Mimi nikimwambia unawezekana, nina haki.

Lakini kuna mtego, na wenzangu wanaotaka kununua wiki hii wanisikilize. Moto nyingi za umeme za magurudumu matatu zenye bei ndogo zina betri za plombe, zile za zamani, nzito. Ukizimaliza nguvu kila siku, zinakubali mara 400 hivi kisha zinakufa. Kwa siku 300 za kazi kwa mwaka, ni mwaka mmoja na kidogo. LFP inakubali mara 2,000 na zaidi, yaani miaka sita au saba. Ya plombe ni nafuu siku ya kuinunua tu. Muuzaji hatawaambia, ulizeni wenyewe, na muangalie maandishi kwenye betri, si kwenye sanduku la karatasi.

Tena betri inaturudisha kwenye versema. Kama tutampa mtu chombo na kumdai pesa kila jioni, ataikamua betri kama wengine wanavyokamua freni: ataimaliza hadi sifuri, ataijaza kwa grupu la jirani akipata safari ya pili, atabeba kilo 700. Betri ndiyo nusu ya bei ya chombo, na haionyeshi kwamba inaumia mpaka imeshaumia. Kwa hiyo pendekezo langu ni mshahara, si versema, na safari moja kwa siku iliyoandikwa kwenye daftari pamoja na kilometa. Dada yetu amekubali kuendesha kwa masharti hayo. Wawili kati yetu wanasema mshahara ni kujifunga kabla hatujapata faida. Hapo bado hatujaelewana.

Kura ni jumamosi ya wiki kesho. Kwangu ni magurudumu matatu, LFP, paneli nne, na makuta kidogo kila mwezi kwa ajili ya betri ya baadaye. Isipopatikana LFP kwa bei ya likelemba yetu, basi ya esanse, na tusione haya. Kabla ya hapo, ba yaya mlioko Kolwezi, Likasi au Kasumbalesa, mwenye amekwisha kununua betri ya LFP ya kWh 7 au 8 atuandikie hapa bei aliyolipa, mwaka aliyoinunua, na kama bado inafika kilometa zile za mwanzo.